Binti anaenda chuo Dodoma, nimwandaeje?

Mzazi wa Ujiji: Wakuu habari, binti yangu wa kwanza kapata chuo Dodoma, mwezi ujao anapanda treni na sijawahi kukaa mbali nae hata wiki, hela nimpe yote au kidogo kidogo?

Baba wa Mwanga: Hongera dada. Usimpe yote, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) linaweza kuchelewa, mpe ya kula mwezi mmoja nyingine mtumie kwenye simu. Vyeti abebe mkononi, begi la wangu liliibiwa safarini tukahangaika sana.

Muuza dagaa: Mfungashie dagaa wakavu na chupa ya mawese, kifuniko kaza na nailoni. Jioni mpigie umuulize kala nini, akijibu "nipo tu mama" ujue kaishiwa.