Kuainisha ikisiri 4,800 za tafiti za homa kwa kompyuta: nianzie wapi?

MaktabaMoshi aliandika:

Wakuu, habari za kazi.

Kuna mapitio ya tafiti yanaandaliwa hapa Moshi kuhusu vyanzo vya homa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Rekodi zimepakuliwa kutoka hifadhidata za makala za tiba (PubMed, Embase na African Index Medicus), na baada ya kuunganishwa zipo kama 4,800, kila moja ina kichwa, ikisiri, mwaka na jarida. Zinatakiwa ziingie makundi 7: malaria, taifodi na bakteria wengine wa kwenye damu, leptospirosisi, brusela, homa ya Q (hizi tatu ni homa za bakteria zinazotoka kwa wanyama), virusi, na zisizohusika. Zikishapangwa ndipo wasomaji wawili wawili wanapewa kila kundi.

Kwa sasa zimechujwa kwa maneno kwenye Excel: likionekana neno "malaria" rekodi inakwenda malaria, la sivyo linatafutwa neno linalofuata. Matokeo hayaaminiki. Kapu la malaria limejaa karibu nusu ya rekodi zote, na la homa ya Q halina kitu.

Laptop ni ya RAM GB 8, haina kadi ya michoro, bando ni la kupima na umeme unakatika. Python ninaimudu kiasi. Naomba kujua programu ipi inafaa, ikisiri ngapi ziwekewe lebo kwa mkono, na nitajuaje kwamba mashine haijaniacha na makala muhimu nje. Pia kuna tasnifu kama 150 za PDF zilizoskaniwa, baadhi zina ikisiri ya Kiswahili.

---

Tengeru_Data alijibu:

Mkuu, laptop hiyo inatosha kabisa. Rekodi 4,800 ni mzigo mdogo. Tumia scikit-learn, maktaba ya Python ya kufundisha mashine: geuza maandishi kuwa vekta za TF-IDF (namba zinazolipa uzito zaidi neno lisilo la kawaida kwenye rekodi nyingine), kisha regresheni ya lojistiki, inayotoa uwezekano wa rekodi kuwa ya kundi fulani, yenye `class_weight="balanced"` ili makundi madogo yasimezwe. Inajifunza kwa sekunde chache, bila intaneti, na umeme ukikatika hujapoteza kitu.

Ila usijenge modeli moja ya makundi 7. Jenga modeli ya ndiyo/hapana kwa kila kundi. Chukua utafiti uliochapishwa 2013 wa wagonjwa 870 waliolazwa na homa hapohapo Moshi. Waganga walisema ni malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Vipimo vilipothibitishwa, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, asilimia 1.6. Humohumo kuna leptospirosisi 40, homa ya Q 24, brusela 16 na chikungunya 55. Neno malaria lipo kwenye ikisiri, lakini ujumbe wa makala ni kwamba homa nyingi pale hazikuwa malaria. Excel yako imeitia kwenye malaria na kufunga mlango, wakati ilipaswa iingie makapu manne au matano kwa pamoja. Ndiyo maana kapu moja limefura na jingine ni tupu.

Sasa angalia mtego huu, maana utaukuta hata ukihamia Python. `TfidfVectorizer`, zana ya scikit-learn inayotengeneza TF-IDF, kwa mpangilio wake wa awali hutupa neno lolote lenye herufi moja. "Q fever" inabaki "fever", na kwenye mkusanyiko ambao kila makala ni ya homa, neno hilo halina maana yoyote. Modeli italazimika kuegemea "Coxiella", jina la bakteria wa homa ya Q, pekee, na ikisiri zisizotaja jina la bakteria zitapita kimyakimya. Rekebisha hivi:

`TfidfVectorizer(token_pattern=r"(?u)\b\w+\b", ngram_range=(1,2), min_df=3, sublinear_tf=True)`

Hapo "q fever" inahesabiwa kama jozi. Faida hiyohiyo utaipata kwa hepatitis B na C kwenye kundi la virusi. Na usiweke `stop_words="english"`: orodha ile inafuta "not", "no" na "without", maneno ambayo kwa kazi yako ndiyo yanayotenganisha aliye na malaria na asiye nayo.

Jambo la pili ni sentensi za utangulizi. Makala nyingi za homa huanza kwa kusema malaria ni tatizo kubwa Afrika, kisha zinaendelea na jambo jingine kabisa. Kwa rekodi za PubMed, omba faili za XML kupitia E-utilities (huduma ya PubMed ya kuvuta rekodi kwa programu) badala ya CSV ya kwenye tovuti, ambayo hata ikisiri haina. Kwenye XML, ikisiri iliyogawanywa huja na alama ya kila sehemu: usuli, mbinu, matokeo, hitimisho. Weka usuli pembeni, na kichwa cha makala kipe TF-IDF yake peke yake ili uzito wake usimezwe. Kwa rekodi zisizo na mgawanyo huo, acha ikisiri nzima. Bila ufunguo wa API (msimbo wa kujitambulisha kwa huduma hiyo) unaruhusiwa maombi 3 kwa sekunde, ukiwa nao ni 10. Vuta rekodi 200 kwa ombi moja na hifadhi kila fungu kwenye faili lake, umeme ukirudi unaendelea ulipoishia.

---

Mpitiaji_Makini alijibu:

Naunga mkono ya Tengeru, lakini kabla ya modeli yoyote kuna lebo, na hapo ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia.

Andika kwanza ukurasa mmoja wa maelezo ya makundi. Makala iliyopima brusela kwa ng'ombe pekee, bila mtu hata mmoja, ni brusela au ni zisizohusika? Rasimu ya utafiti ambao bado haujafanyika inaingia? Ripoti ya mgonjwa mmoja je? Haya yaamuliwe kwa maandishi. Kisha watu wawili waweke lebo kwenye rekodi 200 zilezile bila kuonyeshana, mpige kipimo cha kapa (kinachoonyesha mmekubaliana kiasi gani kuliko kwa kubahatisha, 1 ikiwa ni kukubaliana kabisa) kwa kila kundi. Kundi likiwa chini ya 0.7, msiendelee: kaeni mrekebishe maelezo, maana mashine haiwezi kukubaliana na watu ambao wenyewe hawajakubaliana.

Mkishaelewana, ongezeni hadi 600 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Hapo utakutana na ugumu wa hesabu. Tuseme homa ya Q iko kwenye rekodi 90 kati ya 4,800. Katika 600 utapata kama 11. Huwezi kufundisha kwa 11, basi tafuta nyingine kwa maneno ("Coxiella", "Q fever") uziwekee lebo na kuziongeza kwenye seti ya kufundishia. *Kwenye seti ya kupimia zisiingie kamwe.* Ulizozitafuta kwa neno ni zile rahisi, na modeli itazipata zote. Utaona alama nzuri ambazo hazina uhusiano na rekodi ngumu zilizobaki.

Usahihi wa jumla pia usiutazame. Kwa mfano huohuo, programu inayosema "hapana" kwa kila rekodi inapata asilimia 98 na haijakuletea makala hata moja ya homa ya Q. Kwa mapitio, tazama ukamataji: kati ya makala za kweli za kundi, ngapi zimeshikwa? Lengo la kawaida ni asilimia 95. Kizingiti cha 0.5, yaani kuikubali rekodi pale tu uwezekano wake unapofika nusu, mara nyingi hakikufikishi huko. Chukua uwezekano uliotabiriwa kwa njia ya mikunjo 5 (seti inagawanywa mara tano, kila fungu linatabiriwa na modeli iliyofundishwa kwa manne mengine), upange kuanzia mkubwa, ushuke mpaka makala 95 kati ya 100 za kweli ziwe juu ya mstari. Mstari unaweza kuangukia 0.12 au 0.2. Wasomaji watapata takataka zaidi za kutupa, lakini makala iliyokosekana hakuna atakayeiona tena. Kumbuka tu kwamba ukiwa na makala 11 za kweli, kukosa moja kunashusha ukamataji kwa alama 9. Takwimu za kundi dogo zitoe pamoja na mipaka yake ya uhakika.

Kabla ya kugawa seti, ondoa nakala. DOI, yaani namba za utambulisho wa makala, ziwe herufi ndogo zote na ukate "https://doi.org/" mbele, maana hifadhidata moja inaiweka na nyingine haiweki. Zisizo na DOI linganisha kwa kichwa kilichoondolewa alama za uandishi pamoja na mwaka. Nakala moja ikiwa kwenye kufundishia na pacha wake kwenye kupimia, alama zako zinapanda kwa uongo. Toleo la medRxiv (tovuti ya makala ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu) na la jarida ni pacha pia, hata kama kichwa kimebadilika kidogo.

Na kama haja ya kwanza ni kutenga tu zinazohusika na zisizohusika, fikiria ASReview, programu ya kuchuja makala ya Chuo Kikuu cha Utrecht. Ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako na inasoma faili za RIS na CSV. Inakuletea rekodi moja moja, unasema ndiyo au hapana, nayo inajifunza na kupanga upya zilizobaki. Ni ya pande mbili tu, makundi yako mengine haitayagawa.

---

Mhifadhi_Arusha alijibu:

Nijibu upande wa tasnifu.

Skani ziwe dpi 300, chini ya hapo herufi zinaungana. Tumia OCRmyPDF, programu ya OCR (kugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi) ambayo ndani yake ni Tesseract, na weka lugha zote mbili: `-l swa+eng`. Ukiweka Kiingereza peke yake, maneno ya Kiswahili yanasomwa vibaya kwa sababu programu inavutia herufi kuelekea maneno inayoyajua. Usiingize tasnifu nzima kwenye modeli. Toa kichwa na ikisiri tu. Ukilazimika kutumia matini kamili, kata kuanzia orodha ya marejeo, maana marejeo 200 yenye neno malaria yanageuza tasnifu ya brusela kuwa ya malaria.

Ikisiri za Kiswahili usizichanganye na nyingine kwenye TF-IDF. Kwa mashine, "kimeta" na "anthrax" ni vitu viwili visivyojuana. Nyingi kati ya tasnifu hizo zina ikisiri ya Kiingereza pia: chukua hiyo. Zilizobaki, kwa wingi huu, zipangwe kwa mkono, ni kazi ya siku moja kwa mtu mmoja. Mkija kuwa na maelfu, kuna modeli ya lugha ya XLM-R, ilifundishwa kwa lugha 100, Kiswahili kikiwemo. BioBERT, modeli ya lugha ya makala za tiba, haifai hapo, imesoma Kiingereza cha PubMed.

Na hili ni zito. Viambatisho vya tasnifu mara nyingine vina fomu za ridhaa zilizosainiwa, namba za simu, hata majina ya wagonjwa. Visitoke kwenye kompyuta yenu kwenda huduma yoyote ya mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu taarifa hizo, na taarifa za afya zina ulinzi wa ziada. Kata kurasa za viambatisho kabla ya OCR, si baada.

---

MaktabaMoshi aliandika:

Ahsanteni sana. Ya herufi moja nimeijaribu sasa hivi, kweli "q" haikuwemo kwenye orodha ya maneno. Maswali mawili: kwa nini nisitumie MeSH (maneno rasmi ya mada) zilizokwishawekwa na PubMed badala ya kufundisha chochote? Na hizi modeli kubwa za lugha je, nikizipa ikisiri ziseme kundi?

---

Tengeru_Data alijibu:

MeSH itumie, ila kama shahidi mmoja kati ya wengine. Rekodi za Embase zilizomo kwako hazikuja nayo, na za PubMed zilizoingia karibuni huenda bado hazijapewa. Pia tangu 2022 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani inaweka MeSH kwa mashine kwa karibu majarida yote ya MEDLINE (sehemu kuu ya PubMed), kwa hiyo ukizifanya ndizo ukweli wa kupimia, unapima mashine kwa mashine. Mahali zinapofaa mno ni alama za "Humans" na "Animals". Rekodi yenye "Animals" bila "Humans" iweke kando kwa yale maamuzi ya ng'ombe aliyotaja Mpitiaji.

Modeli kubwa za lugha zinaweza, hasa kwa ikisiri zilizochapishwa ambazo si siri. Ipe ule ukurasa wa maelezo ya makundi, idai jibu la misimbo tu kutoka kwenye orodha yako, halijoto (kipimo cha kubahatisha kwenye majibu) iwe 0, na skripti ikatae jibu lolote lililo nje ya orodha, kwa sababu hubuni makundi yake. Andika jina la toleo na tarehe: toleo likibadilika, rekodi ileile inaweza kupata jibu jingine, na mapitio yenu yatakosa kurudiwa. Ipime kwa seti ileile ya bahati nasibu uliyoipimia regresheni. Ikizidi kwa homa ya Q na leptospirosisi, itumie huko. Upungufu wake ni kwamba haikupi uwezekano unaoaminika wa kushushia kizingiti kama alivyoeleza Mpitiaji, kwa hiyo kwa lengo la asilimia 95 regresheni ni rahisi zaidi kuiongoza.

Rekodi zisizo na ikisiri kabisa usizipitishe kwenye modeli yoyote. Zitapata alama ndogo kwa kukosa maneno tu na kuishia "zisizohusika". Zitenge mapema, `ikisiri` ikiwa na herufi chini ya 100, zisomwe kwa kichwa na mtu. Barua na ripoti fupi za zamani ndizo nyingi humo, na za leptospirosisi zimo.