Mliowahi kuishi jirani na dampo, tupeane uzoefu

Binti Chanika
Wakuu, jana nimepanda daladala Gongo la Mboto, mbele yetu lori la taka limekwama kwenye foleni, turubai limechanika, yale maji meusi yanadondoka kwenye lami. Harufu ilipoingia dirishani nikarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu Vingunguti, miaka ya tisini mwishoni, dampo bado linapokea mzigo. Mama alikuwa anafunika chakula kwa kanga, juu ya kanga anaweka ungo, na nzi bado unamkuta ndani. Mlikaa wapi, na mliishije?

Sokoine Drive
Dah, Mtoni kwa Azizi Ali. Sina la kuongeza.

Mzee wa Relini
Nyie watoto wa juzi. Wenye dampo lao ni sisi wa Tabata. Mpaka leo konda anaita "Dampo, kuna wa Dampo?" na vijana wanaoshuka pale hawajui jina limetoka wapi. Wakazi walikwenda mahakamani 1988 wakashinda, lakini taka ziliendelea kuja mpaka 1991. Zikahamia Kunduchi Mtongani, nako watu 750 wakafungua kesi mwaka huohuo, wakashinda. Ndipo ikaja zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, sasa Pugu Kinyamwezi. Dampo la Dar linahama kama mpangaji mwenye deni.

Kiherehere
Wa Pugu wasilalamike. Mlifuata viwanja vya bei chee wenyewe.

Mjukuu wa Kinyamwezi
Nani kalifuata? Babu yangu alikuwa na mikorosho pale kabla halijaja lori hata moja. Ongea unachokijua.

Kiherehere
Mikorosho mliuza, hela mkala. Haya.

Mama Pacha
Ngoja niseme langu. Nilipanga bondeni, chini ya dampo, mtaa siutaji. Vyumba viwili kwa bei ya kimoja, umeme upo, nikajiona mjanja. Dalali alinipeleka kiangazi, upepo unavuma kwenda upande wa pili, sikusikia kitu. Masika ilipoanza ndo nikajua nimehamia wapi. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nafungua mlango, uani kumejaa maji rangi ya chai iliyolala, yana povu, na juu yanang'aa mafuta kama ya gereji. Ndala ya mtoto inaelea, na pembeni yake bomba la sindano, sindano yenyewe ipo mdomoni. Pacha mdogo alikuwa keshainama kuliokota. Nilipiga yowe mpaka jirani akatoka na taulo.

Maji yalipokauka yakaacha utando mweusi, mchicha wangu ukaungua kama umemwagiwa mafuta ya taa. Kisima cha mwenye nyumba kiko hatua ishirini kutoka hapo. Tulikuwa tunafulia tu, lakini kuna mwezi hela ilikata, tukawa tunachemsha na kunywa. Nikaenda kulalamika ofisi moja, wakasema andika barua. Nikaandika. Wakasema leta nakala. Nikaleta. Wakasema aliyepokea ya kwanza yuko likizo.

Sokoine Drive
Pole sana mama.

Dada Maabara
Mama Pacha, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Risasi, ile metali yenye sumu, na madini mengine mazito hayaendi popote, maji yanapungua sufuriani yenyewe yanabaki. Pale Dandora, Nairobi, mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipima watoto 328, karibu nusu walikutwa na risasi kwenye damu kupita kiwango. Peleka hayo maji maabara yakapimwe, usisubiri barua ijibiwe.

Fundi Visima
Dawa ni kuchimba kirefu. Mita 80, unaziba juu kwa zege, unakunywa bila wasiwasi.

Dada Maabara
Fundi, sumu inashuka na wewe unaifuata chini? Kwanza ajue kisima kiko upande gani, mlimani au bondeni.

Fundi Visima
Mimi nimechimba visima toka wewe hujazaliwa.

Bwana Bata
Fugeni bata. Nzi wote kwisha. Halafu mnakula bata.

Dada Maabara
Bata aliyekunywa maji hayohayo?

Mzee Chupa
Mnalia harufu, mimi Pugu Kinyamwezi imenijengea. Chupa za plastiki na vyuma chakavu vimesomesha wanangu wawili. Kinachotumaliza ni moshi. Kuna wanaochoma nyaya wapate shaba, hao tunagombana nao kila siku. Lakini moto mwingine hauna mwenyewe. Katapila limesawazisha jana, leo asubuhi unaona pameanza kufuka pembeni. Ile ni gesi, taka zinaoza chini bila hewa. Ukimwagia maji unahangaika bure, unazima hapa, panafuka pale. Udongo ndio kiboko, mwingi, na ushindiliwe. Mtoni baada ya kufunga kuna mradi uliochomeka mabomba, ukawa unavuta gesi na kuichoma. Sisi hata kifusi tunakiona kwa mwezi.

Chapati Kampala
Mna bahati hamjaona dampo likitembea. Agosti 10, 2024, Jumamosi, nimepanga Kiteezi, Kampala. Mvua ilikuwa imepiga. Kishindo sikusikia, nilisikia mabati, kama mtu anakunja pakiti ya biskuti lakini haachi. Nikatoka na bukta. Pale palipokuwa na nyumba ya yule mama niliyekuwa namkopesha unga, palikuwa na mlima. Tukaingia na majembe. Ule si udongo jamani, haushiki, unatoa karai moja yanarudi matatu, na chini kuna joto, miguu inaungua. Waliofariki walipita thelathini. Mimi chapati nimeacha siku ile.

Sokoine Drive
Mungu wangu.

Binti Chanika
Mwili umenisisimka. Yule mama je?

Kiherehere
Ngoja kwanza, wewe kwenye uzi wa sato si ulisema uko Mwanza tangu 2022?

Chapati Kampala
Nilikuwa nakwenda na kurudi. Naona unanipangia safari.

Mjukuu wa Kinyamwezi
Kiherehere muache mwenzio. Kwanza nijibu mikorosho.

Mzee Chupa
La joto ni kweli kabisa. Nasi mlima wetu una upande umesimama kama ukuta, na vijana wanachimba chupa chini yake. Nawafukuza, wanasema mzee una wivu.

Mwana wa Kisiwani
Sisi Mombasa twalijua. Kibarani ulikuwa ukivuka Makupa wafunga pua kwa leso mpaka upite. Lilifungwa 2018, likafukiwa, pakatiwa miti, pazuri kweli. Taka zikenda Mwakirunge. Sasa mngoje watu wa Mwakirunge waje hapa, tutalala hatujamaliza.

Kaka Dalali
Nina chumba na sebule, kimasta, upande usio na upepo. Anicheki.

Binti Chanika
Jamani turudi kwenye mada. Mama Pacha, maji uliyapeleka kupimwa?

Mama Pacha
Nilisafisha kabisa chupa ya kuchukulia. Nimefika kisimani, pampu imeibwa.

Fundi Visima
Pampu ninazo.