Digrii mbili kwa mpigo, ya uchoraji na ya historia, inawezekana?

Binti_Dunda
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo zenu. Mimi niko Bagamoyo, nimemaliza kidato cha sita, kombi HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na matokeo yamekuja vizuri tu alhamdulillah. Kuchora nachora tangu niko mdogo, nyumbani siyo mbali na TaSUBa, kile chuo cha sanaa, kwahiyo nimekua naona watu wanachora, wanapiga ngoma, wanafanya mazoezi ya maigizo na wanaichukulia kama kazi. Lakini historia nayo siwezi kuiacha jamani, nikienda kwenye magofu ya Kaole nachora yale makaburi ya nguzo halafu nabaki najiuliza hizo bakuli za China zilizokuwa zimepachikwa pale zilifikaje, nani alizinunua, kwanini ziwekwe kaburini na siyo mezani, na hapo mchoro peke yake haunitoshi tena.

Baba anasema kuchora ni kitu cha jioni baada ya kazi. Mama anasema chagua moja utulie. Sasa nimesikia Marekani kuna watu wanasoma digrii mbili kwa wakati mmoja, moja chuo cha sanaa na nyingine chuo kikuu cha kawaida. Hii ni kweli au stori tu? Na hapa kwetu je? Naombeni majibu ya kweli hata kama yanauma.

Mzizima_Ughaibuni
Marahaba mdogo wangu. Ni kweli kabisa ipo. Inayojulikana zaidi ni ya Brown, chuo kikuu cha kawaida, na RISD, chuo cha sanaa, vyuo viwili majirani kwenye kilima kimoja pale mji wa Providence, programu yao ya pamoja ilianza 2008, unasoma miaka mitano na unatoka na digrii ya sanaa ya RISD na digrii ya Brown. Ila ujue unaaplai vyuo vyote viwili, kila kimoja kikukubali chenyewe, halafu kuna kamati ya hiyo programu nayo ikukubali, na unaandika insha ya kueleza kwanini unahitaji vyote viwili pamoja. Wanachukua watu wachache sana kwa mwaka. Tufts nayo inayo, na shule yake ya sanaa inaitwa SMFA, zamani ilikuwa chini ya makumbusho ya sanaa ya Boston, Tufts wakaichukua 2016, na yenyewe ni miaka mitano.

Mimi nimesoma huko digrii moja tu, lakini nilikaa chumba kimoja na mtu wa digrii mbili na nilimwona. Darasa la studio siyo lekcha ya lisaa limoja, linaweza kula siku nzima, halafu kazi unaimalizia usiku, halafu unabandika ukutani wenzako na mwalimu wanaichambua mbele yako, na kesho yake una kurasa za kusoma na insha ya historia. Alikuwa analala kidogo mno. Lakini alikuwa na furaha, hilo nalisema kwa dhati, sababu insha zake zote zilikuwa zinahusu vitu anavyovitengeneza.

Halafu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna digrii mbili, yaani vyeti viwili na mwaka mmoja zaidi, na kuna digrii moja yenye masomo makuu mawili, hiyo unamaliza miaka minne kama kawaida. Vyuo vingi vya Marekani vinakuruhusu kuchora na kusoma historia ndani ya digrii moja. Kwa unayoyasema wewe hiyo ya pili ningeiangalia kwanza.

Pesa sasa. Ada peke yake kwenye vyuo hivyo, bila kulala wala kula, inapita dola 60,000 kwa mwaka, karibu milioni 150 za kwetu, halafu zidisha kwa miaka mitano. Bila msaada usijaribu hata kuwaza. Brown kwa wanaoanza kuanzia 2025 haiangalii kama mwanafunzi wa nje ana uwezo wa kulipa wakati wa kumchagua, hilo ni jambo kubwa, lakini chuo cha pili kina hesabu zake, kwahiyo uliza kila chuo kivyake na wakujibu kwa maandishi. Pale ubalozi wa Marekani Dar kuna ofisi ya EducationUSA inatoa ushauri wa kuaplai, nenda.

Mwl_Raskazone
Mwanangu hujambo. Mimi nipo Tanga, nafundisha sekondari, na nimeshaona watoto wenye mikono miwili kama wewe wakikatwa mmoja na wazazi wao. Usikubali.

Hapa nyumbani digrii mbili kwa mpigo usihangaike nazo, mfumo wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, ukichaguliwa vyuo viwili lazima uthibitishe kimoja, na mkopo wa bodi unafuata hapohapo. Ila kupanga kwa zamu inawezekana. Moja, anza stashahada ya sanaa za ufundi hapohapo TaSUBa unalala kwenu, ukitoka na GPA ya 3.0 kwenda juu mlango wa chuo kikuu unakuwa wazi, unaenda kuchukua historia au akiolojia. Au geuza, digrii ya uchoraji Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na historia unaisoma pembeni kwenye kozi za kuchagua. Chuo Kikuu Huria nacho kipo, kinafundisha tangu miaka ya 90 na hata huku Tanga kina kituo, mtu anafanya kazi zake za mikono mchana na anasoma digrii taratibu.

Na baba mwambie kwa heshima, Sam Ntiro alikuwa mchoraji, kasoma Makerere na chuo cha sanaa cha Slade kule London, na nchi ilipopata uhuru huyohuyo mchoraji ndiye alipelekwa kuwa balozi wetu Uingereza. Hakuna aliyemwambia achore jioni.

Kijana_wa_Chumbageni
Mwalimu nakuheshimu lakini tuseme na upande wa pili. Ajira ziko wapi? Mwajiri wa hapa akiona digrii mbili hakulipi mara mbili. Dada yangu, miaka mitano nje ni miaka mitano wenzako washaanza maisha. Mimi ningesema soma kitu kimoja chenye kazi, kuchora ni kipaji hakipotei.

Mchimba_Vigae
Hapana kaka, kipaji kinapotea sana, mkono usiofundishwa unabaki palepale, hapo sikubaliani na wewe.

Binti, nisikilize mimi nafanya kazi za akiolojia huku pwani, nimefanya kwenye magofu ya Tongoni na kwingine. Kitu tunachokosa kila siku ni mtu anayejua kuchora NA anajua anachochora. Kigae cha chungu kikitoka ardhini kinachorwa, siyo picha ya simu tu, unapima mdomo wake upate upana wa chungu kizima, unachora upande mmoja nje na upande mwingine unene wa ukuta wake ulivyokatwa, na mchoro huo ndio mtu wa Kilwa au Lamu atalinganisha na wa kwake. Ramani za kuta vilevile, na milango ya nakshi hapo Bagamoyo inayooza kila masika bila mtu kuichora kwa vipimo. Mchoraji asiyejua historia anapamba, anaweka ua pasipo na ua. Mwanahistoria asiyejua kuchora anaandika kurasa tatu kueleza kitu ambacho mstari mmoja ungeonyesha. Kwahiyo swali lako siyo la anasa kabisa, na kazi ipo hata kama haitangazwi kwenye magazeti.

Binti_Dunda
Nimesoma zote, hii ya vigae nimeisoma zaidi ya mara moja, asanteni sana. Nimemsomea baba ile ya Ntiro, kauliza tu "alikuwa balozi kweli?" akaendelea kula, lakini kauliza. Naona nitachukua fomu TaSUBa mwaka huu, na huku natengeneza potifolio, yaani mkusanyiko wa michoro yangu, ya kuaplai nje mwakani, ile ya digrii moja masomo mawili. Mchimba, ili mtu aje kuchora nanyi mkiwa uwandani lazima awe mwanafunzi wa chuo au hata mimi naweza?

Mchimba_Vigae
Hata wewe, kama kiongozi wa uchimbaji akikubali. Nitumie inbox michoro yako ya Kaole, uipige picha mchana nje kivulini bila flashi, na pembeni weka rula ionekane. Nitampelekea yeye mwenyewe.