Alhamisi naanza kemo, marafiki wanataka kunisindikiza, niwape kazi gani?

anza_upya:
Habari zenu wapendwa. Nina kansa ya titi, upasuaji nshafanyiwa na kidonda kimepona vizuri, sasa dokta kasema Alhamisi naanza kemo, yaani dripu za dawa za kuua kansa, itakuwa kila baada ya siku 21 na tunaanza na ile dawa nyekundu. Nina marafiki watatu wa tangu shule, wamegoma kabisa niende peke yangu, kila mmoja anataka aje akae na mimi. Nawapenda sana ila kila siku wananiuliza "tukusaidieje" na mimi mwenyewe sijui hata hiyo siku inakuwaje. Waje wote? Watakaa tu wananiangalia na dripu? Na nikianza kutapika mbele yao je? Mliopitia naomba mniambie ukweli, msinifiche.

bado_nipo:
Pole sana dada. Mimi nilichomwa hiyo hiyo nyekundu, doksorubisini, na kitu cha kwanza jua kwamba mkojo unaweza kutoka mwekundu siku moja au mbili, usije ukashtuka ukadhani ni damu.

Siku yenyewe sehemu kubwa ni kusubiri. Kabla ya dawa lazima waone majibu ya damu, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zikiwa chini sana wanaahirisha unarudi nyumbani, na hiyo inauma kuliko sindano maana ushajiandaa moyo wote, hapo ndo utaona maana ya kuwa na mtu wa kurudi naye. Zikiwa sawa unapimwa uzito na presha, unawekewa kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, unapewa kwanza dawa za kuzuia kutapika halafu ndo kemo yenyewe inafuata. Kuhusu kutapika usiogope sana, hizo dawa za kuzuia zinasaidia kweli, wengi hatutapiki pale kwenye kiti, kichefuchefu kikija kinakuja jioni au kesho yake.

Aje mmoja tu. Sehemu nyingi hawaruhusu kundi, na hata wakiruhusu utajikuta unawaburudisha wageni wakati umechoka. Wangu alikuwa anakuja na daftari, dokta akiongea yeye anaandika, dawa ipi asubuhi ipi usiku, mimi kichwani hakuna kilichokuwa kinabaki. Halafu alijua kukaa kimya! Nikilala ananiacha, nikiamka nikitaka stori tunapiga stori za watu wala sio za ugonjwa. Wa namna hiyo ndo wa kumchagua, hata kama sio unayemzoea zaidi.

Na chakula unachokipenda kuliko vyote usile siku hiyo, ukija kukihusisha na kichefuchefu utakichukia muda mrefu. Wasije na pafyumu kali pia.

nesi_wa_zamu:
Nafanya kazi chumba cha kemo, naongezea. Dawa ikiwa inaingia ukisikia pale kwenye kanula panawaka, panauma au panavimba, SEMA PALEPALE, usione aibu wala usingoje nesi apite, hiyo nyekundu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama vibaya. Rafiki aliyekaa pembeni kazi yake kubwa ndo hiyo, wewe unaweza kusinzia, yeye macho yawe kwenye mkono. Kunywa maji ya kutosha tangu siku moja kabla na mikono iwe na joto, mishipa inaonekana kirahisi.

Mwenye mafua au kikohozi asije, hata awe nani. Na anayekusaidia kusafisha matapishi au choo avae glovu, kama masaa 48 ya mwanzo dawa bado inatoka mwilini.

Hili sasa waambie wote watatu: kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 hivi chembe nyeupe zinashuka sana, joto likifika 38 usimeze dawa ya kushusha homa ukasubiri kukuche. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, na ukifika tu mlangoni useme niko kwenye kemo. Kwa hiyo kipimajoto kiwepo ndani na usiku huo ijulikane kabisa nani anapigiwa simu.

rafiki_wa_pembeni:
Mimi nilikuwa upande wa hao marafiki zako. Ile "ukihitaji chochote niambie" waiache, inampa mgonjwa kazi nyingine ya kufikiria. Sisi tuligawana, mmoja hospitali, mmoja watoto na nyumba, mmoja simu, yaani ndugu wote wanaouliza anaendeleaje wanajibiwa na huyo, mgonjwa simu yake inabaki kimya.

Na msijazane siku ya kwanza halafu mkapotea. Mwenzetu siku ya dripu na kesho yake alikuwa na nguvu mpaka hapati usingizi, walimwambia ni ile deksamethasoni wanayompa pamoja na kemo, ilipoisha akaanguka chini kabisa, hanyanyuki kitandani, na siku hiyo ndo watu washarudi makazini kwao. Tulijifunza kuweka mtu siku ya tatu na ya nne.

Nywele nazo, zinaanza kutoka kama wiki mbili tatu baada ya kemo ya kwanza. Wasinyoe upara bila kukuuliza, wengine wanafarijika na wengine linawaumiza, ukiwaona wenzio vipara kila ukigeuka.

anza_upya:
Mungu awabariki jamani, nimesoma mara mbili na nimewatumia wote watatu. Mkimya ndo anakuja Alhamisi na daftari, mwingine anakaa na watoto, wa tatu simu yake anaiwasha usiku na Jumamosi atalala kwangu. Nesi, moja tu: mkono wa kuchomwa nachagua mimi?

nesi_wa_zamu:
Kama walikutoa tezi kwapani kwenye upasuaji, waambie kabla hawajafunga ule mpira, kwa kawaida tunatumia mkono wa upande mwingine, hata presha tunapimia huko. Pete vua uache nyumbani, na vaa nguo ya mikono mipana inayopanda mpaka juu ya kiwiko.