Naomba ushauri: NMAX 155 au PCX 160 kwa milima ya Arusha?

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Natafuta skuta ya kwendea kazini kila siku, Ilboru hadi Njiro, mara nyingi mke wangu akiwa nyuma. Nimebaki na Yamaha NMAX 155 na Honda PCX 160. PCX naipendea buti ya lita 30 chini ya siti na tairi ya mbele ya inchi 14. NMAX ni 13 mbele na nyuma. Ila kile kilima cha Ilboru, mvua ikinyesha, ni utelezi mtupu na mawe yamechomoza, na hizi skuta za mkanda, zisizo na gia za kubadili kwa mguu, nyingi huwezi kushusha gia ukiteremka. Hapo ndipo naogopa. Mliozipandisha na abiria, ipi haichoki? Na mkanda na rola (vile vigurudumu vidogo vinavyosukuma mkanda) mnavipata hapa mjini au mpaka Nairobi?