Nyumba ya Biji 🏠🙏 (kikundi cha familia ya Kalasinga, watu 14. Biji ni bibi wa Kisumu; Baba ji ni Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu)

JUMAMOSI

Bua Manjit 06:41
Sat Sri Akal nyote. Akinyi anayemsaidia Biji amenipigia saa hii, chumba cha Baba ji kinavuja. Na si matone. Naomba kila mtu asome na ajibu, isiwe kama ile ya mita ya stima

Bua Manjit 06:44
Upepo wa jana usiku umeng'oa bati pale juu ya dirisha maji yakaingia, chandoa, kile kitambaa cha juu, ndiyo imeyabeba yote ikafanya tumbo kama mama mjamzito, Baba ji mwenyewe hajaguswa Waheguru shukuru lakini rumala ya juu inayomfunika imeshika unyevu kona moja, na ukuta ule una mchwa tangu Januari na nilisema Januari

Bua Manjit 06:45
Nani alinijibu Januari

Bua Manjit 07:30
Tiki za buluu naziona. Tisa mmesoma

Happy 07:52
Bua hata jogoo wa Mombasa hajaamka

Bua Manjit 07:52
Jogoo wa Mombasa ana miaka 38 na mtoto darasa la pili aamke

Akinyi 08:05
Salamu kwenu wote. Nimeweka ndoo. Biji aliniambia nioge nifunge kitambaa nipande nibadilishe rumala, nimebadilisha, ile nyevu nimeianika kwa kamba ya juu si ile ya nguo za kawaida. Kitabu sijafungua. Biji hajapanda ngazi tangu Jumanne magoti yamekataa kabisa. Kwa hivyo siku nne hakujasomwa.

Jasi 08:40
Siku nne??? Mbona hakuna aliyesema

Akinyi 08:41
Biji alisema nisiseme

Bua Manjit 08:44
Mnaona sasa. Baba ji amelala sukhasani siku nne hajafunguliwa asubuhi, hakuna somo la hukamnama, hakuna dua ya ardasi, amefunikwa tu kama bidhaa ya stoo na juu yake bati limeondoka. Mimi simlaumu Biji ana miaka 86. Nawalaumu nyinyi

Happy 08:46
Sisi sote 14 ama kuna wenye dhambi maalum

Bua Manjit 08:46
Happy

Happy 08:46
Nimenyamaza

Bua Manjit 08:59
Nimefikiria hivi. Fundi apande leo leo aweke turubai. Giani ji, msomaji wa hekalu letu la gurdwara, aje akague kama maji yameingia ndani, kurasa 1,430 si mchezo, zikiharibika hazitupwi wala hazichomwi nyuma ya nyumba ni mpaka Goindwal kule Punjab kwa safari yake ya mwisho kama mtu na nani hapa ana hiyo nauli. Halafu wiki ijayo Baba ji ahamie kwa Jasi Syokimau, ana chumba kimoja hakina mtu. Gari lioshwe ndani nje, lisiwe la Happy lile lina magamba ya samaki, siti ya nyuma itandikwe shuka nyeupe, mtu mmoja akae amshike mapajani na mwingine na usinga wa chaur, viatu vyote kwa buti, hakuna kusimama Nakuru ati nyama choma, tukichoka tunalala Kericho gurdwara asubuhi tunaendelea. Jasi umekubali?

Happy 09:03
Dereva nani? Mi naweza. Kama Joginder Singh 1974

Bua Manjit 09:04
Joginder alishinda rali ya Safari mara 3. Wewe tuta la Nyali limekushinda

Happy 09:04
Lile tuta halikuwa na rangi 😂 kila mtu anajua

Jasi 10:15
Bua pole nilikuwa kwa gari. Kwangu haiwezi. Mi niko gorofa ya tatu na jengo lina tano, juu ya hicho chumba ndio bafu ya jirani. Baba ji akae chini ya choo cha mtu? Na harufu ya matumbo kila Ijumaa inashuka kwa dirisha. Hicho chumba si ati hakina mtu, ndio stoo yangu, kuna mtungi wa gesi na baiskeli

Happy 10:17
Hamia gorofa ya juu kabisa

Happy 10:17
Ukae na tangi

Bua Manjit 10:20
Happy kuna kitu cha maana utasema leo?

Happy 10:24
Gurdwara ya Makindu. Nasema kweli. Wazee wa reli walijenga 1926, kila mtu wa hii familia anapita pale akienda Mombasa ama akitoka, usafi uko, mtu wa kusoma alfajiri yuko. Na dengu ile jamani 😋

Simran (Leicester) 10:31
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Happy 10:32
Simran tumeona. Sheria ya babu, Dada ji, Kiingereza peleka benki

Simran (Leicester) 10:36
Haya haya. Nilisema hivi. Huku watu wengi nyumbani hawaweki Baba ji mzima kwa sababu kazi yake ni kila siku asubuhi na jioni si ya wikendi, mtu anaweka gutka ya nitnem, kijitabu cha sala za kila siku, ama zile pothi mbili, Baba ji kwa juzuu mbili, akitaka sehaj path, kusoma mwanzo mpaka mwisho, anasoma pole pole miezi hata mwaka. Baba ji mzima yuko gurdwara. Mi nasoma kwa simu, kuna programu nzuri ina mpaka maana

Happy 10:37
Simu ile unaenda nayo chooni?

Simran (Leicester) 10:37
...

Simran (Leicester) 10:38
Sasa umeniharibia

Masi Rani 10:50
🙏🙏🙏

Bua Manjit 10:52
Rani mikono ni nini, unakubali nini

Chacha Kuldip 11:48
Nimesoma yote. Bhenji swali moja. Kwa nini si kwako? Una vyumba vitano Parklands, chini na juu

Bua Manjit 11:50
Kuldip unajua hali ya nyumba yangu

Chacha Kuldip 11:51
Najua kabati

Bua Manjit 11:51
Kabati gani

Chacha Kuldip 11:52
Kabati la sebuleni la mumeo Fufar ji lenye kioo. Hizo chupa zihame kwanza ndio umtume Jasi ahamishe mtungi

Happy 11:53
🍿

Bua Manjit 11:58
Mimi ndio napiga simu kwa fundi, mimi ndio nalipia dawa za Biji, mimi ndio nilinunua rumala mpya kila sikukuu ya Vaisakhi. Wewe uko Eldoret saa mbili na nusu kutoka pale umeenda lini mara ya mwisho

Chacha Kuldip 12:06
Tusianze kuhesabu bhenji. Tukihesabu turudi Januari 2008, zile ghasia za uchaguzi. Barabara imejaa moshi, nani alishuka ngazi Baba ji kichwani miguu mitupu mpaka kwa gari, na nani alishuka na TV

Bua Manjit 12:06
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Bua Manjit 12:07
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Bua Manjit 12:09
TV ilikuwa ya Biji

Chacha Kuldip 12:10
Iko wapi

Happy 12:14
Tena ilikuwa Greatwall ya inchi 14, hata waporaji wangeirudisha

Jasi 12:15
Happy bana acha

Fufar ji 13:02
Nimerudi kutoka kazi naona mambo mengi. Hiyo ya kabati ni ya kibinafsi. Lakini nauliza, huyo Akinyi ndiye anabadilisha rumala? Si wetu. Kwani Kisumu nzima hakuna Kalasinga wa kupanda ngazi

Jasi 13:05
Fufar ji yuko kwa kikundi anasoma

Fufar ji 13:05
Nimeuliza tu

Simran (Leicester) 13:07
Akinyi ndiye alinifundisha kukunja rumala mimi. Si nyinyi

Akinyi 13:40
Mvua imeanza tena. Turubai bado.

Bua Manjit 13:41
Fundi amesema saa nane

Akinyi 14:29
Biji ametaka nimshikie simu. Anatuma sauti.

Akinyi 14:37
🎤 Ujumbe wa sauti 2:14

Bua Manjit 14:41
Jasi iandike, Simran na watoto hawashiki Kipunjabi cha Biji

Jasi 14:58
Naandika kama alivyosema.

"Akinyi amenisomea yote. Ya TV pia. Mnauliza Baba ji akae nyumba ya nani. Nimengoja tangu asubuhi hakuna aliyeuliza nani ataamka. Dada ji wenu alimleta hapa 1983 kutoka stesheni ya reli, amembeba kichwani, bila viatu, na mimi nimetangulia na birika namwaga maji njiani na jua la Kisumu mnalijua. Ukitoa zile wiki tatu za 2008 alipokuwa gurdwara, taa ya kile chumba imewaka saa kumi na moja kila alfajiri. Nikiwa na malaria iliwaka. Siku ile tunamchoma Dada ji wenu iliwaka. Siku hizi nne ndizo za kwanza. Mimi vyumba vyenu sivitaki. Atakayeamka ataje jina lake. Na Akinyi msimguse, mikono yake naijua."

Hapo amemaliza. Mwisho kuna sauti ya ndoo

Masi Rani 15:10
🙏

Fufar ji 15:32
Sati bachan Biji. Akinyi nisamehe dada

Akinyi 15:50
Hakuna neno baba.

Happy 17:21
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Chacha Kuldip 19:05
Bhenji nitakuja Jumatano niangalie huo ukuta. Dawa ya mchwa naleta mimi

Bua Manjit 19:06
Sawa

Bua Manjit 19:20
TV niliuza nikalipia bati. Hilo hilo limeng'oka

Jasi 22:47
Biji kama bado uko macho. Mi huamka saa kumi kila siku kwa sababu ya gari la kazi. Lakini herufi za Gurmukhi nasoma kama mtoto wa nasari, neno moja naenda narudi. Na nyumba ndio ile nilisema

Akinyi 22:55
Biji anasema polepole si kosa, yeye alianza hivyo hivyo akiwa ameolewa tayari. Anauliza unakuja lini ulale hapa asikie.

Jasi 22:56
Ofu yangu ni Jumamosi ijayo. Nitaangalia

JUMAPILI

Bua Manjit 06:10
Vizuri sana Jasi!! Basi imeisha. Jasi anakaa na Biji wiki moja anafundishwa, Giani ji atapanda asubuhi na jioni mpaka hapo nimeongea naye, halafu tunamleta Baba ji Syokimau. Jasi toa baiskeli

Jasi 07:02
Bua sijasema wiki. Na choo cha jirani bado kiko juu

Chacha Kuldip 07:15
Hakuna aliyesema Syokimau

Happy 07:16
Makindu watu wangu 🙋🏾‍♂️

Bua Manjit 07:18
Nitapiga simu kwa kila mmoja wenu leo jioni. Mchukue

Simran (Leicester) 08:44
Biji mi pia naweza kuamka saa hiyo. Ila ni saa ya huku. Nikupigie kwa video unisikilize?

Akinyi 09:01
Biji anacheka. Anasema piga.

Akinyi 09:30
Fundi ndio amefika saa hii. Jana hakutokea. Amesema bati zinazotakiwa ni nne si moja, na anauliza nani anatuma hela.

Bua Manjit 09:31
Kuldip?

(Kimesomwa na 11)