Bahasha mbili za mkono wa Idi

Juma: Jamani, hapa Chake, Pemba, pana kesi. Babu kawapa Khamis na Asha bahasha za mkono wa Idi, kazibandika gundi, kasema moja ina mara mbili ya nyengine. Tangu alasiri wanabadilishana tu, hawafungui. Tibirinzi kwenye sikukuu hawajenda.

Juma: Huyu Khamis anaandika 👇

Juma: Shikamoo shangazi. Tuseme yangu ina elfu kumi. Ya Asha ina elfu ishirini au elfu tano, nusu kwa nusu. Wastani wake 12,500. Si bora nibadilishe?

Bi Rukia: Na Asha anasemaje?

Juma: Hesabu yake hiyo hiyo, mama.

Zuwena: Marahaba mwanangu. Swali lako lina wenyewe. Maurice Kraitchik, mwanahisabati wa Ubelgiji, kwenye kitabu chake cha 1953, aliweka wanaume wawili wenye tai: mwenye tai nzuri zaidi ampe mwenziwe. Kila mmoja akajiona ndiye mwenye faida: akitoa hutoa yake tu, akipata hupata iliyo bora.

Zuwena: Sasa tazama. Ya Asha ikiwa ishirini, babu katoa 30,000 jumla. Ikiwa tano, katoa 15,000. Hizo ni Idi mbili mbalimbali, nawe umezipika chungu kimoja. Shika moja: tano na kumi. Uliye na tano ukibadilisha unapata tano. Uliye na kumi unapoteza tano. Sare.

Juma: Na akifungua akaiona hiyo kumi, da Zuwena?

Zuwena: Hapo swali jengine. Nusu kwa nusu haiji yenyewe, inategemea mkono uliotia. Mama, baba hutia noti ngapi?

Bi Rukia: Moja moja. Nilikuwa nimekaa naye mkekani.

Zuwena: Basi! Noti kubwa yetu ni elfu kumi. Ukiiona hiyo usibadilishe, hakuna ya elfu ishirini. Ukiona elfu tano badilisha, hakuna ya 2,500. Shaka iko kwenye elfu moja: mwenzio ana elfu mbili, au mia tano.

Juma: Khamis anasema mia tano ni sarafu, na kazipapasa zote mbili, hamna kigumu.

Zuwena: Maashallah! Kwa hiyo hata elfu moja haina shaka tena. Mia tano imetoka, imebaki elfu mbili. Fungueni.

Juma: Khamis kapata ya tano. Anataka kubadilisha.

Bi Rukia: Na Asha?

Juma: Keshavaa viatu, yuko mlangoni na nyekundu yake.